Uamsho wa Makanisa ya Garsen na Deni la Toba

Tana ya chini, kwenye Mto Tana nchini Kenya, haina uhaba wa makanisa. Ukizunguka Garsen, Minjila, Tarasaa, Ngao na Golbanti utayakuta ya Methodisti, Katoliki, Anglikana na ya Kipentekoste ya kila jina, mengine ya matofali na mabati, mengine ya miti na makuti. Mikesha ya maombi ipo, mikutano ya injili ipo, na vipaza sauti havipumziki. Lililo gumu ni kujua kama makusanyiko haya yanayopakana, yasiyokubaliana juu ya ubatizo, uongozi wala matumizi ya sadaka, yanaweza kuhuishwa pamoja, na yakihuishwa, kijiji kizima kitapata nini.

Jibu langu ni kwamba yanaweza, na kwa vipande vipande yamewahi. Ila bonde hili limemwaga damu, kati ya Wapokomo na Waorma, mwaka 2001 na tena 2012, na damu hiyo imebadilisha maana ya kuungana. Makanisa yakishikana mikono bila kukiri yaliyotendeka, na bila kumhesabu jirani Mwislamu, muungano wao huwa kambi. Uamsho utakaodumu Garsen lazima uanzie kwenye toba inayolitaja kosa kwa jina lake, kisha uonekane katika kazi zinazofanywa pamoja kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi.

Ukristo wa hapa una makaburi tangu siku zake za kwanza. Mei 1886, huko Golbanti, John Houghton na mkewe Annie, wamishenari wa Methodisti kutoka Uingereza, waliuawa na wavamizi wa Kimaasai pamoja na baadhi ya waumini wao wenyeji. Kituo kile kilikuwa kimelengwa kwa Waorma, wafugaji ambao wageni wa enzi hizo waliwaita Wagala. Thomas Wakefield, aliyekuwa Ribe tangu mwanzoni mwa miaka ya 1860, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akitamani kuwafikia. Waorma walioitikia walikuwa wachache, na katika karne iliyofuata karibu wote wakawa Waislamu. Walioipokea injili ni jirani zao Wapokomo, wakulima wa kingo za mto, ambao misheni haikuwa imewapanga mbele. Nalitaja hili kwa sababu kila mpango wa uamsho unaoletwa Tana umepimwa na mto huu na kupinduliwa na watu wake, na wanaopanga mikutano leo wangefaa kulikumbuka.

Mwaka 1887 wakaja Wajerumani wa Misheni ya Neukirchen. Ferdinand Würtz akakaa Ngao, akajifunza Kipokomo, akaandika sarufi na kamusi, akatafsiri. Injili ya Marko kwa Kipokomo ilitoka 1894, na Agano Jipya likafuata mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo Ngao na Golbanti, vijiji vinavyopakana, vilikuwa na misheni mbili za mataifa mawili yaliyogombea pwani hii: Witu ilikuwa chini ya ulinzi wa Wajerumani kuanzia 1885 hadi mkataba wa 1890 ulipoikabidhi kwa Waingereza. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka wamishenari wa Kijerumani wakajikuta maadui wa serikali. Walirudi baada ya vita, kisha ya pili ikawaondoa tena, na hatimaye kazi yao ikaingia mikononi mwa Methodisti. Mzigo wa kila siku uliwaangukia walimu na wazee wa Kipokomo, watu ambao majina yao hayakuchapishwa kwenye majarida ya Ulaya. Wao ndio waliozika, waliofundisha watoto kusoma na walioongoza sala wakati mishahara haikufika.

Ushirikiano wa kwanza kati ya makanisa jirani hapa Tana, basi, haukutokana na mkutano wowote wa umoja. Ulilazimishwa na vita vya watu wengine. Kanisa la Ngao lilibadilisha uongozi, utaratibu wa ibada na hata jina, na waumini hawakutawanyika. Mtu anayeamini kwamba dhehebu lake ndilo ukuta wa mwisho wa imani ana jambo la kutafakari hapo.

Wakubwa wa misheni nao walikuwa na mpango wao. Juni 1913 walikutana Kikuyu, karibu na Nairobi: Waanglikana wa Church Missionary Society (CMS), Wapresbiteri wa Scotland, Africa Inland Mission, Methodisti na wengine. Walitaka kuunda shirikisho, na wakamaliza kwa kushiriki pamoja Meza ya Bwana, Askofu Peel wa Mombasa akiiongoza ndani ya kanisa la Wapresbiteri. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliposikia aliwashtaki Peel na mwenzake wa Uganda kwa uzushi, na mgogoro ukafika hadi kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Shirikisho kamili halikuzaliwa. Kilichoendelea kufanya kazi ni desturi ya kugawana maeneo: huyu akae Meru, yule Ukambani, wa tatu Nyanza, asiingie mtu kwa mwenzake. Kutokana na mbegu hiyo walipata Muungano wa Misheni wa 1918, Shule ya Alliance mwaka 1926, Baraza la Kikristo la Kenya mwaka 1943, na leo Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya (NCCK).

Kugawana maeneo kulipunguza ugomvi, lakini kulikuwa na gharama ambayo Tana bado inailipa. Kwa vizazi kadhaa Mkristo wa Ngao hakuhitaji kujifunza kuishi na Mkristo wa aina nyingine. Kanisa lilikuwa moja, shule moja, mchungaji mmoja anayezunguka sakiti, yaani kundi la makanisa aliyopangiwa. Kisha uhuru ukaja, barabara zikafunguka, watumishi wa serikali wakahamishiwa Garsen na Hola kutoka bara, Wagiriama wakahamia kutafuta mashamba, na vijana waliokwenda kusoma Mombasa wakarudi wameokoka katika makanisa ambayo wazazi wao hawakuyajua. Kijiji chenye mazoea ya kengele moja kikaamka na mikutano mitatu ya Jumapili asubuhi. Hakuna aliyekuwa amekiandaa kwa hilo, na wageni nao hawakuuliza historia kabla ya kusimika nguzo.

Hapa ndipo inafaa kuikumbuka harakati ambayo Afrika Mashariki yote inaiita Uamsho kwa herufi kubwa. Septemba 1929, Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda wa ukoo wa heshima. Walisoma Biblia na kusali pamoja, na kutoka urafiki huo, katika miaka iliyofuata, moto ukawaka Gahini, ukapita Uganda, ukafika Kabete nchini Kenya mwaka 1937, ukaingia Tanganyika. Mambo matatu yaliupa nguvu. Watu walikiri dhambi kwa sauti mbele ya wenzao. Waliokuwa wameiba walirudisha walichokiiba, na waliogombana walitafutana hadi wapatane. Na hawakuanzisha dhehebu: Mwanglikana aliyeokoka alibaki Mwanglikana, Mpresbiteri na Methodisti vilevile, lakini katika mikutano ya ushirika wote walikaa duara moja wakaitana ndugu. Wakati wa vita vya Mau Mau baadhi yao walikataa kiapo na pia wakakataa kubeba bunduki za serikali, na wengine waliuawa kwa msimamo huo.

Sasa linganisha na mkutano wa injili unavyofanyika siku hizi katika miji kama Garsen. Kamati inaundwa miezi kadhaa kabla, wachungaji wa madhehebu matatu au manne wakikaa meza moja pengine kwa mara ya kwanza mwaka huo. Wanagawana kazi: huyu atafute jenereta na vyombo, huyu apeleke barua kwa mkuu wa kituo cha polisi (OCS), yule ashughulikie malazi ya mgeni, kwaya zipangiwe zamu. Mhubiri anatoka Mombasa au Nairobi. Siku tano jukwaa linawaka taa, watu wanaitwa mbele, majina yanaandikwa daftarini. Siku ya sita jukwaa linavunjwa, vyombo vinarudishwa kwa mwenyewe, na linabaki daftari lenye swali gumu: hawa waliookoka ni wa kanisa lipi? Mchungaji aliyetoa jenereta anadhani anastahili fungu kubwa. Aliyetoa uwanja anadhani hivyo hivyo. Umoja wa wiki nzima unavunjikia hapo, juu ya majina sitini ya watu ambao baadhi yao waliwahi kwenda mbele mwaka jana na mwaka juzi.

Siidharau mikutano hiyo. Nawajua watu waliotoka kwenye mnazi na miraa usiku mmoja wa mkutano na hawajarudi. Lakini mkutano humwita mtu mmoja mmoja atubu dhambi zake za nyumbani na za mwilini. Uamsho wa Gahini uliwataka watu watubu pia yale waliyotendeana, na ukawadai warekebishe. Mkutano ukipita bila madai hayo, makanisa jirani yanarudi palepale yalipokuwa, na daftari juu.

Hata hivyo Gahini yenyewe iko Rwanda, na hilo halipaswi kupitwa haraka. Nchi iliyokuwa kitovu cha Uamsho, nchi iliyobatizwa karibu yote, ndiyo iliyoshuhudia mauaji ya kimbari ya 1994, na makanisa yakawa mahali pa kuchinjiwa waliokimbilia humo. Walikuwepo walokole waliokufa wakiwakinga jirani zao, na heshima yao ni kubwa. Lakini swali limebaki kwa kila mtu anayehubiri uamsho katika eneo la Maziwa Makuu na pwani: iliwezekanaje watu wajifunze kukiri ulevi, uzinzi na shilingi zilizochukuliwa dukani, na chuki ya kabila isipate mtu wa kuikiri? Nadhani sehemu ya jibu ni kwamba dhambi ya kundi haina mwenyewe. Mtu mmoja hajisikii kuwa ameitenda, kwa hiyo hakuna anayesimama, na ibada inaendelea.

Tana ya chini inalijua jambo hili kwa karibu. Agosti 22, 2012 watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto wa Kiorma, waliuawa Riketa. Mapema Septemba zamu ilikuwa ya Chamwanamuma, kijiji cha Wapokomo. Siku chache baadaye Kilelengwani ilichomwa na watu 38 wakafa, wakiwemo askari polisi tisa. Desemba 21, kabla jua halijachomoza, Kipao ikavamiwa. Sababu zimeelezwa mara nyingi: ng'ombe kuingia mashambani wakati wa kiangazi, malka za kushukia mtoni kuzibwa na mashamba, mivutano ya upimaji wa ardhi, miradi mikubwa ya umwagiliaji iliyokula malisho, na uchaguzi wa Machi 2013 uliokuwa ukibisha hodi ukiwa na viti vipya vya kaunti vya kugombewa. Tume ya uchunguzi iliundwa chini ya Jaji Grace Nzioka. Waliokimbia walijaa Witu, Malindi na kwingineko.

Vita vile havikuwa vya dini. Wapokomo wenyewe wamegawanyika: wa juu, kuelekea Hola na Bura, wengi ni Waislamu, na hata vijiji vya karibu na mlango wa mto kama Ozi vina misikiti ya zamani. Ukoo mmoja unaweza kuwa na mwinjilisti na maalimu wa chuo. Lakini huwezi kuwa na vita vya vijiji ambavyo makanisa yake yanajaa kila Jumapili, kisha ukasema waliochukua panga wote walitoka nje ya kanisa. Walikuwepo waliobatizwa miongoni mwa waliouawa, na walikuwepo waliobatizwa miongoni mwa walioua, walionyamaza na walioficha. Hivyo hivyo upande wa misikiti. Ni rahisi kuombea amani, kwa sababu sala ya amani haimtaji mtu. Kilicho kigumu ni kusema hadharani: vijana wetu walikwenda, sisi tulijua, tukakaa kimya.

Toba ya aina hii haiwezi kufanywa na kanisa moja. Mchungaji mmoja wa Kipentekoste akisimama peke yake kukiri, ataitwa msaliti wa kabila na kondoo wake watahamia kwa jirani asiyewasumbua. Padre akifanya peke yake, watasema ni mgeni hajui machungu yetu. Lakini kama Methodisti, Katoliki, Anglikana na Wapentekoste watasema neno moja Jumapili moja, hakuna kanisa la kukimbilia. Kwa hiyo naona ushirikiano kuwa sharti la uamsho Garsen. Wengi husema tuhuishwe kwanza, umoja utafuata wenyewe. Katika mji ambao kila kanisa linaogopa kupoteza waumini kwa jirani, kusema ukweli kunahitaji makanisa yakubaliane kwanza.

Wapo wanaohofu kwamba kukaa na viongozi wa Kiislamu katika mambo haya ni kuichanganya imani. Hofu hiyo naiheshimu, hasa kwa watu walioona Garissa na Gamba. Julai 1, 2012, wiki saba kabla ya Riketa na kwenye mto huuhuu, makanisa mawili ya Garissa, la Katoliki na la Africa Inland, yalishambuliwa Jumapili asubuhi wakafa watu 17. Julai 2014 Gamba, jirani na Garsen, ilivamiwa na Al-Shabaab wakadai kuhusika. Mkristo wa hapa ana sababu ya kuwa mwangalifu. Lakini baada ya Jumapili ile ya Garissa, viongozi wa Kiislamu walijitokeza na kutoa vijana wao wasaidie kulinda makanisa wakati wa ibada. Na Baraza la Makasisi na Maimamu wa Pwani, lijulikanalo kama CICC, lililotokana na machungu ya ghasia za Likoni za 1997, lilikuwa miongoni mwa waliohangaika kuwakutanisha wazee wa Kipokomo na wa Kiorma. Kukaa pamoja hakukumwondolea mtu imani yake. Katika kaunti ambayo Waislamu ndio wengi, umoja wa Wakristo usio na mlango wa upande huo utasomwa na kila Mworma kuwa silaha nyingine, hata kama waliounda hawakukusudia.

Ushirikiano unaofanya kazi tayari upo, ila haujapewa jina la uamsho. Nenda mazishini Oda au Wema. Kamati inakaa jioni chini ya mwembe, michango inaandikwa, mtu anatumwa kuleta mbao za jeneza. Ibada itaongozwa na mchungaji wa kanisa la marehemu, lakini kwaya zitakuja za makanisa yote, na wimbo utatoka Tenzi za Rohoni kwa kuwa karibu kila Mprotestanti anazijua bila kushika kitabu. Wajomba Waislamu wanasaidia kuchimba, wanakaa kando wakati wa sala, wanarudi kufukia. Hakuna anayeuliza nani alizamishwa na nani alinyunyiziwa. Kazi hiyo hufanywa na wazee, akina mama, wahubiri wa mahali na makatekista, kwa sababu mchungaji mwenye sakiti ya makanisa mengi au padre mwenye vigango vingi hawezi kuwa kila mahali. Ukitaka kujua nguvu ya umoja wa makanisa Tana, iko kwa watu hao ambao hawana kola shingoni.

Akina mama wamekwenda mbali zaidi ya wachungaji. Ijumaa ya kwanza ya Machi huadhimishwa Siku ya Maombi ya Wanawake Duniani, ambayo huandaliwa na wanawake wa madhehebu mbalimbali kwa pamoja, na ratiba ya kila mwaka huandikwa na wanawake wa nchi moja kwa niaba ya wenzao wote. Mafuriko nayo yamefundisha. Mwaka 2018, tena Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, Tana iliacha mkondo wake, barabara ya Malindi kwenda Lamu ikakatika, vijiji vikahamia sehemu zilizoinuka. Jengo la kanisa au la shule lililo juu ya maji halina dhehebu siku hiyo. Ugumu huanza wiki ya pili, unga unapofika. Misaada ikigawiwa kwa orodha ya waumini, kila kilichojengwa mazishini kinabomoka kwa gunia moja. Ikigawiwa kwa orodha ya kijiji, iliyoandikwa na kamati yenye mzee wa msikiti ndani yake, hubaki kumbukumbu itakayofaa siku ng'ombe wakiingia shambani.

Vikwazo vya mafundisho ni vya kweli na haviondoki kwa kupuuzwa. Kinachouma zaidi ni ubatizo. Mtu aliyebatizwa mchanga katika kanisa la Methodisti la Ngao, akaokoka akiwa kijana, anaambiwa ubatizo wake haukuwa kitu, anazamishwa tena. Kwa kanisa lake la zamani hilo ni tusi, na kwa kanisa jipya ni utii. Sioni njia ya kulimaliza jambo hili Garsen wakati dunia nzima haijalimaliza. Kinachowezekana ni adabu: anayehama aje na barua ya utambulisho, mchungaji anayempokea ampigie mwenzake simu kabla ya kumwingiza kwenye kwaya, na madhabahu isitumiwe kumcheka jirani. Kuiba kondoo kungepungua kwa nusu kama hayo matatu yangeshikwa.

Adabu hiyo ina faida nyingine, na hili limekuwa zito kwetu tangu Aprili 2023. Katika msitu wa Shakahola, Kilifi, kaunti inayopakana na Tana River, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa Paul Mackenzie, walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni kumlaki Kristo. Serikali ikaunda jopo chini ya Mchungaji Mutava Musyimi kutazama sheria za mashirika ya dini. Sheria ina kazi yake. Lakini msajili aliye Nairobi hawezi kujua mhubiri gani ameanza kuwaambia watu watoe watoto shule. Anayeweza kujua ni mchungaji wa kanisa la pili, kama wana desturi ya kuulizana. Kanisa lisilo na jirani wa kulikosoa liko hatarini hata likiwa na nia njema, na makanisa madogo ya miti na makuti yanayoanzishwa na mtu mmoja ndiyo yanayohitaji jirani zaidi, kuliko yanavyohitaji kudharauliwa na wenye majengo ya mawe.

Kuhusu fedha za wanasiasa nitasema kwa ufupi. Kanisa linalopokea mabati kutoka kwa mgombea mmoja haliwezi kukaa kwenye kamati ya amani na kanisa lililopokea viti kutoka kwa mpinzani wake. Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa kuhutubia katika ibada za Anglikana, na Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi akakataa mchango wa Rais William Ruto kwa parokia ya Soweto. Huko mjini, kukataa kuna waandishi wa habari wa kukusifu. Garsen kukataa ni kubaki na paa linalovuja, na hakuna kanisa dogo litakaloweza peke yake. Uchaguzi mkuu unaofuata ni Agosti 2027. Umoja wa wachungaji ungeweza kuandika karatasi moja, kila mmoja akaitia saini, kwamba hakuna mgombea atakayepewa maikrofoni ya kanisa kutoka Minjila hadi Kipini, wala mchango wake kutangazwa. Machafuko ya 2012 yalitokea miezi michache kabla ya kura, na kila aliyekuwa mtu mzima wakati huo anakumbuka lugha iliyotumika.

Lililo zito kuliko yote ni tarehe 22 Agosti, siku ya mauaji ya Riketa. Makanisa ya Tana ya chini yana kalenda zilizojaa: Pasaka, mavuno, harambee, semina ya vijana. Siku ya maombolezo ya pamoja, inayotaja Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao kwa majina, ingestahili nafasi ndani yake. Isianze na jukwaa. Kwanza wachungaji wa madhehebu yote wawatume wazee wa gasa, baraza la wazee wa Kipokomo, kwa wazee wa Kiorma na kwa maimamu wa vijiji vilivyopigwa, waulize kama watakaribishwa. Wakikataliwa mwaka wa kwanza, waulize tena wa pili. Wakikubaliwa, waende kama wageni: kwa miguu kutoka barabarani, bila kwaya wala mhubiri wa kuitwa, akina mama wakiwa mbele pamoja na wazee. Ratiba iachwe mikononi mwa waliofiwa, na zamu ya Wakristo kusema ije baada ya wao kumaliza, ikiwa watapewa zamu. Kisha Waorma nao waalikwe Chamwanamuma kwa utaratibu uleule, na Wapokomo Waislamu wa kijiji hicho wawe wenyeji.